Taa Zilizowaka Kivulini

Nyumba ya Calist ilikuwa nyumba ya kuonewa kijicho, ndugu zangu, na nalisema hilo mapema ili msije mkadhani balaa hili liliingia kwa watu wenye njaa au wenye laana. Jumapili baada ya misa, pale Ihanja, ungemkuta Calist amekunja suruali hadi magotini, anaosha kigari chake cheupe kilichotokana na alizeti ya misimu miwili. Mkewe Evodia yuko kibarazani anapepeta mtama. Binti yao Agripina anamwagia baba maji ya kusuuza, na kuku wanagombea povu chini ya bampa. Redio inaimba kwaya. Mpita njia alikuwa akilisifu gari kwanza, halafu ndipo awasalimie wenye gari, na Calist aliitikia kwa niaba ya wote, gari likiwemo.

Amani hiyo ilivunjwa na nguzo ya zizi. Calist alikuwa anarudi nyuma ili aligeuze gari kuelekea barabarani, akiwatazama zaidi watu waliokuwa wakimtazama kuliko kioo, na taa ya nyuma ya kushoto ikapasukia kwenye nguzo aliyoichimbia mwenyewe. Taa moja tu, ya upande mmoja. Angenunua moja ya kufanana na ile iliyobaki, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lakini Calist alikuwa amekwisha kuugua. Kila jioni alipekua picha kwenye simu yake, picha za magari madogo kama lake yaliyobadilishwa sura, na kila aliyekaa karibu naye alionyeshwa atake asitake. Evodia alionyeshwa akiwa anasonga ugali. Mama yake Calist, bibi Martina, alionyeshwa akiwa amevua miwani. Wote walisema ni nzuri, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya haraka ya kurudi kwenye shughuli zako.

Siku ya kwenda Singida mjini kununua taa, Evodia alikwenda pia, kwa kuwa alihitaji kitenge cha kuvaa kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa wifi yake kule Issuna. Kitenge walikinunua kwanza. Alifanya kama wafanyavyo wanawake wote wa kwetu: alikivuta kitambaa kutoka rafuni, akatoka nacho mlangoni, akakitandaza juani, akakigeuza huku na huku ndipo akarudi kusema bei. Dukani kila kitambaa ni kizuri. Mwenye duka ndiye anayepanga mwanga. Hakuna mwanamke wa Ihanja anayemwamini mwenye duka kwa rangi.

Kutoka hapo wakaingia kwenye duka la spea. Muuzaji aliwawekea mezani taa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa taa nyekundu ya kawaida, imetolewa kwenye gari lililokatwa, ina mkwaruzo kidogo pembeni. Za pili zilikuwa jozi mpya ndani ya boksi lenye picha ya moto, taa zenye kioo cheusi tii kama miwani ya jua. Muuzaji alirudisha mlango nusu, akaleta betri, akagusisha nyaya mbili. Mle kwenye giza la duka, kioo kile cheusi kikatoa wekundu wa makaa yanayopulizwa. Indiketa yake ilitiririka kutoka ndani kwenda nje kama maji yanayofuata mfereji. Calist alishusha pumzi. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye matairi nao wakashusha pumzi, na moja kwa moja taa nyekundu yenye mkwaruzo ikasukumwa pembeni kama sahani ya mtu aliyeshiba.

Evodia, kitenge kikiwa bado kwapani, alisema lile ambalo mkono wake ulikuwa umelizoea.

"Baba Agripina, hebu tutoke nayo nje kwanza tuione juani."

Muuzaji alicheka. "Mama, hiki si kitenge. Hakichuji."

Vijana walicheka. Calist ndiye aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote, kama mtu anayelipa faini ya mkewe. Evodia alitaka kusema kwamba hakuuliza habari ya kuchuja, lakini boksi lilikuwa limekwisha kufungwa kwa kamba. Walipofika kwenye gari, Calist alimwambia kwa sauti ya chini, bila hasira hata, na hilo ndilo lililomkaa moyoni:

"Usirudie kunisemea mbele za watu, mama Agripina. Gari lina dereva mmoja."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, ndugu zangu, ingawa hakuna aliyeusikia ukifungwa.

Fundi alifunga taa zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Siku iliyofuata, jua likiwa limeshika ukuta wa nyumba, Calist aliingia garini akamwita mkewe asimame nyuma ya gari amwangalizie. Alikanyaga breki akauliza, "Imewaka?"

Evodia alitazama. Aliona kioo cheusi, na ndani ya kioo aliona jua, na nguzo ya zizi, na yeye mwenyewe akiwa mdogo kama mwanasesere. Aliinama, akakinga kwa kiganja. Ndani kabisa, chini ya kivuli cha mkono wake, palikuwa na wekundu.

"Imewaka kidogo," alisema.

"Kidogo vipi? Taa ikiwaka imewaka."

"Juani haionekani, baba Agripina."

Calist alishuka akaja kutazama mwenyewe, lakini aliposhuka mguu ulikuwa umetoka kwenye breki, kwa hiyo hakuwa na la kuona. Alimtazama mkewe kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema ameona jini. Akalipangusa gari kwa kitambaa, akaenda kijiweni.

Kijiweni walimpokea kwa jina jipya. Walimwita Macho Meusi, wakampiga picha amesimama nyuma ya gari, mkono kiunoni. Jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Tangu hapo, safari kwa Evodia ikawa adhabu. Alikaa kiti cha mbele, mkanda kifuani, na macho yake hayakutoka kwenye kioo cha pembeni. Kila Calist alipopunguza mwendo, Evodia aliwaona walio nyuma wakija vilevile, kama kwamba hakuna kilichotokea, halafu ghafla wakishituka na kuyumba. Karibu na matuta ya Ikungi, lori moja lilisimama nyuma yao kwa kishindo cha upepo, likabakiza nafasi ya kupita mbuzi. Dereva alichungulia akaporomosha matusi. Calist alisema madereva wa malori wanavuta bangi.

Evodia alijaribu kwa mama mkwe. Bibi Martina alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha akamwambia kwamba yeye alikaa miaka mingi na mume aliyekuwa akiendesha mkokoteni wa ng'ombe, na hakuwahi hata mara moja kumfundisha wapi pa kugeuzia. Evodia alishukuru, akaosha vikombe.

Kwa ndugu yake hakujaribu. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo tunapofanana wote. Simeoni, mdogo wake Evodia, alikuwa fundi wa kujenga, kijana asiyeshikwa na kamba ya umbea wala chupa ya pombe, na alikuwa akipita nyumbani kwa dada yake karibu kila siku kwa pikipiki yake. Evodia angeweza kumwambia. Lakini tumelelewa kwamba mwanamke aliyeolewa habebi mambo ya mumewe kuyapeleka kwa ndugu zake, na yule anayebeba huitwa jina ambalo sitaliandika. Kwa hiyo alimpa mdogo wake uji, akamuuliza habari za saruji.

Ikafika Jumamosi ya kwenda Issuna. Mchango wa Calist kwenye kipaimara ulikuwa tenga la kuku, majogoo kumi na kitu wa kienyeji waliofugwa na Evodia. Pahali pa tenga ni kwenye buti, kila mtu anajua. Lakini tenga likiingia kwenye buti ya kigari kile, mlango wa nyuma haufungi, unabaki umeinuka na kufungwa kamba, na kuku wanachafua. Calist alilizunguka gari mara mbili. Alisema hawezi kuingia Issuna kwa dada yake na gari lililotapika matenga. Akampigia simu Simeoni, shemeji yake, amsaidie kulibeba kwenye pikipiki.

Simeoni alikuja akicheka. Alilifunga tenga kwa mpira, akawatania majogoo kwamba leo wanapanda pikipiki bila helmeti na wakikamatwa na askari wajieleze wenyewe. Evodia alisogea karibu yake. Alishika mpira wa tenga kana kwamba anaukaza. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno: kaa mbali na gari letu, breki zake hazionekani. Calist akapiga honi.

"Uende taratibu," ndilo alilolitoa.

"Dada, na kuku hawa nitakimbilia wapi?"

Waliondoka jua likiwa limeanza kushuka. Barabara ya kutoka Ihanja kwenda Issuna inakupeleka mashariki, kwa hiyo alasiri jua linakuwa mgongoni, linapiga nyuma ya gari moja kwa moja. Calist aliendesha, Evodia kando yake, bibi Martina na Agripina kiti cha nyuma na sufuria za sherehe. Simeoni alikuwa nyuma yao. Evodia alimwona kwenye kioo muda wote: helmeti nyekundu, tenga limechomoza nyuma ya bega lake kama nyumba ndogo.

Walipokwisha kupita Ikungi, mbuzi walimwagika barabarani kutoka kwenye vichaka. Calist alifunga breki kwa nguvu. Mkanda ukamkaba Evodia kifuani, sufuria zikagongana, na yeye akatazama kioo. Simeoni alikuwa anakuja. Uso wake haukubadilika. Hilo ndilo Evodia analoliona hata leo akifumba macho: uso mtulivu wa mtu anayetazama mbele, anatazama kabisa, na hakuna kinachomwambia kitu. Alifungua kinywa kuita jina lake. Alifika nusu.

Kishindo kilikuwa kidogo kuliko mtu angedhani. Kilichofuata ndicho kilichokuwa kikubwa, kelele za majogoo waliotapakaa lami nzima wakiwa na mbawa zilizofungwa, na Agripina akilia, na mbuzi waliomaliza kuvuka bila haraka. Simeoni alikuwa chini ya pikipiki. Paja lake lilikuwa limekunjika mahali ambapo paja halina kiungo.

Askari wa barabarani walifika Simeoni akiwa amekwisha kupakiwa kwenda hospitali. Walipima kwa hatua, wakaandika, na mmoja wao akawa anauliza maswali dirishani. Kwetu kila mtu anaamini kwamba anayegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa, na askari yule alikuwa amekwisha kuamini kabla ya kushuka kwenye gari lake. Alibakiza swali moja. Dereva alipofunga breki, taa ziliwaka?

Calist alimgeukia mkewe. Kutoka nyuma, mkono wa bibi Martina ukashuka juu ya bega la Evodia, ukatulia pale, mzito, wa mama mzazi anayemwona mwanawe anaelekea mahabusu. Agripina alikuwa akimtazama baba yake.

"Ziliwaka," alisema Evodia.

Na ni kweli ziliwaka. Msimhukumu upesi, wasomaji wangu. Kaeni kwanza ndani ya gari lile, na mkono ule begani, halafu mniambie mngesema nini.

Simeoni alilazwa, akatiwa chuma mguuni, akatoka na magongo mawili. Mguu wa kulia ulibaki mfupi. Fundi wa kupanda majukwaa ya kujengea akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda. Hayo yangetosha, lakini kijiji kina mdomo. Walisema alikuwa amelewa, yeye ambaye kikali kuliko vyote alichowahi kunywa ni togwa iliyolala. Walisema alikuwa akichezea simu. Watu waliokuwa wamempa kazi za kujenga wakasema hata akipona hawatamwita, maana asiyeona gari lililosimama mbele yake ataonaje ukuta uliopinda.

Evodia alimpelekea chakula kila alipopata ruhusa. Siku moja Simeoni aliweka kijiko chini.

"Dada, mimi nilikuwa naangalia," alisema. "Naapa nilikuwa naangalia mbele. Lakini wote wanasema taa ziliwaka, na wewe ulikuwepo. Labda nilisinzia. Mtu anaweza kusinzia macho yakiwa wazi?"

Evodia alichukua sahani akatoka nje kuiosha, ingawa ilikuwa bado na chakula. Alielewa kwamba mdogo wake alikuwa anapoteza kitu cha pili baada ya mguu. Alikuwa anaacha kuyaamini macho yake mwenyewe, na aliyemnyang'anya ni yeye, kwa neno moja.

Bado angeweza kunyamaza. Watu hunyamaza mpaka kaburini, nimewaona. Lakini wiki ile Calist alirudi kutoka mjini na boksi lenye picha ya moto. Zilezile. Kioo kilekile cheusi. Fundi alinyoosha bati, akapiga rangi, akafunga taa mpya nyeusi, na Calist akalizungusha gari kijiweni likapigiwa makofi kama mgonjwa aliyepona. Jioni aliporudi alitangaza jambo la pili. Ukoo wake ungekaa kikao kwa baba yake mkubwa, mzee Obadia, na Simeoni angekuja mbele ya wazee kuomba radhi, kwa kuwa alimgonga shemeji yake barabarani akamtia aibu mbele ya wageni wa kipaimara. Akishaomba, yaishe. Calist alijiona mtu mwema kwa kusema yaishe.

Evodia alimwomba wazungumze. Alimwambia taa zile hazionekani juani, kwamba aliziona mwenyewe, kwamba Simeoni alikuwa akitazama. Alisema yote, kwa mpangilio, wakiwa wawili tu, kama mke anavyofundishwa. Calist alimsikiliza akiwa anavua viatu.

"Uliwaambia askari ziliwaka," alisema. "Sasa uongo wako ni upi, ule au huu?"

Akalala. Evodia alikaa kitandani na swali lile. Lilikuwa limefungwa pande zote, halina hata tundu la kupenyeza kidole. Akisema, yeye ni mwongo. Asiposema, mdogo wake ni mzembe milele, na taa nyeusi ziko uani zinamsubiri mtu mwingine wa kuzijia bila habari.

Kikao kilikaa alasiri, uani kwa mzee Obadia. Wazee walikuwa kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, na Simeoni kwenye kigoda, magongo yamelala miguuni pake. Calist alikuwa amekuja na gari, akaliegesha likiwa limegeukia mashariki, mgongo wake kwa wazee, ili kila mtu azione taa. Salamu zilikwenda, shikamoo zikaitikiwa moja moja. Kisha mzee Obadia, mtu mpole asiyependa vikao virefu, akamwambia Simeoni aseme neno lake.

Simeoni alianza kuinuka. Goti moja lilikataa, akashikilia ukuta. Alisema, "Wazee wangu, shemeji yangu, mimi kwa uzembe wangu," na hapo Evodia akasimama kutoka kwenye mkeka.

Hakumtazama mumewe. Alipita katikati ya viti, jambo ambalo mkwe hafanyi, akafungua mlango wa gari, akaketi kwenye kiti cha dereva. Mguu wake ulikuwa umevaa kandambili. Aliuweka kwenye breki.

"Baba mkubwa," aliita kupitia dirishani, "naomba uniambie breki ikiwaka."

Calist alimwambia atoke. Mzee Obadia aliinua kiganja, akamnyamazisha bila kumtazama, kwa sababu ameombwa jambo dogo na mkwewe na hakuona ubaya wake. Akasogea mpaka nyuma ya gari. Wazee wengine wakageuza viti. Jua lilikuwa limeshika vioo vile vyeusi vikang'aa vizuri sana.

"Haya, mwanangu, kanyaga," alisema mzee Obadia.

Kuku walipita.

"Kanyaga basi."

"Nimekanyaga, baba mkubwa. Tangu nilipokuita sijatoa mguu."

Mzee Obadia alisogea hatua moja. Akainama. Akavua kofia yake, akaikinga juu ya taa ya kulia, akachungulia chini yake kama mtu anayechungulia kiota. Alikaa hivyo kwa muda. Aliiondoa kofia, akatazama. Akairudisha, akatazama. Halafu, bila kuinuka, akasema:

"Simeoni, njoo uone. Njoo polepole."

Simeoni alikuja kwa magongo yake. Aliinama kadiri chuma kilivyomruhusu, akaona wekundu mle chini ya kofia, mzuri, mzito, kama makaa. Kisha mzee akaiondoa kofia, na palikuwa na kioo cheusi tu.

"Kwa hiyo nilikuwa naangalia," alisema Simeoni. Alilirudia mara ya pili akimwambia mzee, na mara ya tatu hakuwa akimwambia mtu. Akaegemea bati la gari lilelile lililomvunja, akalia kama mtoto aliyerudishiwa kitu chake.

Evodia alibaki ameshika breki. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wote waliokuwa nyuma. Safari hii walikuwa wakimwona.

Kwa sauti ya kusikika aliwaambia wazee kwamba askari waliuliza kama taa ziliwaka, naye akajibu ziliwaka, na kwamba kesho yake angekwenda kituoni kuwaambia sehemu iliyobaki. Alikwenda. Mzee Obadia alitamka kwamba hakuna mtu wa damu yake atakayepanda gari lile mpaka taa zile zitoke, na Calist akazitoa, akafunga nyekundu za kawaida, kwa mikono ya hasira. Walioacha kumwita Simeoni walianza kumwita tena, awasimamie vijana wanaojenga, maana jicho lake kwa ukuta uliopinda halikuwahi kuwa na tatizo.

Nyumbani kwa Calist hakuna redio Jumapili. Anaosha gari peke yake. Anakula, anaondoka, na anachotaka kumwambia mkewe anakipitisha kwa Agripina. Evodia huenda sokoni kwa miguu.

FUNZO

Ndugu zangu, taa ya nyuma ndicho kitu pekee kwenye gari ambacho mwenye gari hakioni akiwa njiani. Imewekwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, asiyejulikana jina, anayekuja nyuma na uhai wake. Ukiichagua kwa kujipendezea wewe, umemwibia mtu huyo neno lake la mwisho la kumwonya. Kwa hiyo unapochagua, toka na taa nje. Iweke juani, rudi nyuma hatua za kutosha, mwambie mtu akanyage. Ikikushinda kuiona, irudishe, hata kama dukani ilikupendeza kama makaa ya moto.

Na mtu akikuambia haionekani, shuka ukatazame huku mwingine ameshika breki. Usimwulize yeye ni nani hata akuambie. Tumejenga nyumba zenye dereva mmoja, na abiria tumewafundisha kwamba adabu ni kunyamaza mpaka mtu avunjike. Adabu ya namna hiyo ina damu. Mimi nasema ivunjwe.

Nimalizie na habari ya juzi. Bibi Martina alikuja kwa Evodia na wanawake wawili wa ukoo, wameshika jogoo. Walikaa kibarazani, wakanywa maji, wakaeleza bila ukali. Alimvua mume nguo mbele ya wazee, walisema. Taa zimeshatoka, hilo limekwisha. Kilichobaki ni radhi. Jogoo wamemletea wao wenyewe, asihangaike. Ampike, wale pamoja na Calist, aseme neno moja tu, na atarudi kukaa nao kwenye mkeka. Bila neno hilo, nafasi yake mkekani haipo, wala kwenye harusi, wala kwenye msiba.

Evodia alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akapiga goti kama inavyopasa.

"Asante, mama," alisema. "Huyu nitampika, na nitakula na yeyote atakayekaa. Lakini radhi siombi."

Bibi Martina alimuuliza kama amefikiri vizuri.

"Nimefikiri, mama. Siombi leo, na kesho siombi."